Swali Aliloulizwa Hajiri

Kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko Krismasi zote nilizowahi kula nyama. Ilikuwa siku ya mvua, nyumbani kwetu juu kidogo ya Kapsoit. Mchungaji alikuwa amekwangua matope ya gambuti zake kwenye jiwe la mlangoni ndipo akaingia. Mwinjilisti alikuwa ameketi tayari, kikombe cha chai mkononi. Mama yangu alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango wa nyuma, na chini ya kiti hicho kulikuwa na mfuko wa nguo zake, umefungwa. Siku hiyo ndiyo ingeamua kama mama angelala tena katika nyumba yetu au angeondoka. Na kilichomfikisha hapo hakikuwa wizi wala ulevi wala maneno ya wanaume. Kilikuwa mstari mmoja wa Maandiko.

Ngoja kwanza nikueleze watu wa nyumba yetu, maana ninyi vijana mila za babu zenu mnazisikia redioni, tena kati ya matangazo mawili ya sabuni. Mwenye boma letu alikuwa mwanamke mzee aliyeitwa Tapsabei. Sisi watoto tulimwita Kogo, yaani nyanya, ingawa hakumzaa mama yangu wala baba yangu. Kogo alikuwa ameolewa na mzee Rotich, wakapata mabinti watupu, mabinti wakaolewa mbali, kisha mzee akafariki. Sasa kwetu Wakipsigis nyumba ya namna hiyo haikuachwa ifungwe. Mwanamke kama Kogo aliruhusiwa kutoa ng'ombe, akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa watoto wa nyumba ile, wakabeba jina la marehemu na kurithi shamba lake. Kogo akatoa ng'ombe. Msichana aliyeletwa ndiye mama yangu, Chelangat.

Watu wa kutoka mbali wakisikia hivyo wanakunja uso na kuanza kuwaza mambo ya chumbani. Hakukuwa na mambo hayo. Mwanamume aliyenizaa alikuwa mtu wa kijiji cha pili. Tukikutana sokoni alinisalimia kama alivyosalimia watoto wote, nami nilimwitikia nikaendelea na safari yangu. Kogo na mama walilala vyumba tofauti, wakachuna majani chai pamoja asubuhi, wakagombana juu ya chumvi jioni. Kogo alivaa kabuti la marehemu mume wake, refu mpaka kwenye visigino, kwa sababu baridi ya kwetu unaijua. Macho yake yalikuwa yameanza kupotea. Hakuona tena vizuri ng'ombe akiwa upande wa pili wa boma, na akimwita mama alikuwa anageukia mahali ambapo mama hayupo.

Basi kanisani kwetu akaletwa mwinjilisti kijana, Philemon, mtu wa bidii sana. Nataka uelewe kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliamka mapema, alitembelea wagonjwa, hakugusa sadaka ya mtu. Shida yake ilikuwa moja tu: akipata mstari unaomchoma, alikuwa anauchomoa na kukimbia nao. Jumapili moja akasimama na mstari wa kitabu cha sheria za kale, ule unaokataza mwanamke kuvaa mavazi ya mwanamume na kusema ni chukizo. Akaangalia kiti cha nyuma, alikokaa Kogo na kabuti lake. Watu wote wakageuza shingo. Kisha akasema kabuti ni jambo dogo, kwamba kuna mwanamke aliyevaa uanaume wenyewe, akajifanya mume, akaoa mke, na kuna mwanamke mwingine anayeongoza nyimbo za akina mama hapa mbele huku akiishi chini ya chukizo hilo.

Mama ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo. Baada ya ibada akaitwa pembeni, akaambiwa atoke katika boma la Kogo kabla ya Meza ya Bwana inayofuata, la sivyo atatengwa.

Mwanangu, kama mama angekuwa mtu wa kusimanga, nyumba ingekuwa na kelele na mambo yangeisha. Lakini aliamini. Alimpenda Mungu kuliko alivyojipenda, na alipoambiwa Mungu amekasirika, hakuuliza ni kwa nini Mungu amekaa kimya miaka yote hiyo. Nilimkuta akikamua ng'ombe huku analia, maziwa yakimwagika nje ya ndoo. Akaniambia atarudi kwa kaka yake kule Silibwet. Mimi na dada zangu tungebaki, kwa kuwa kimila sisi tulikuwa watoto wa nyumba ile, si wa mama kuondoka nao. Kogo naye angebaki na macho yake hayo, ageukie upande gani. Nikaona nyumba yetu inapasuliwa kama kuni.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, nafundisha watoto Sunday School, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Nikajifungia na Biblia nitafute wa kumwokoa mama. Nikampata Sara. Sara hakuwa na mtoto, akamtoa mjakazi wake Hajiri kwa mume wake, ili apate uzao kupitia kwake. Niliruka kitandani. Si ndivyo alivyofanya Kogo? Mwanamke asiye na mwana anapata mwana kupitia mwanamke mwingine, tena katika nyumba ya baba wa imani mwenyewe. Nikamfuata Philemon penye tangi la maji la kanisa, mbele ya akina mama waliokuwa wakiosha sufuria, nikamwangushia Sara kichwani. Naye akaniangushia mistari mingine. Nikaongeza. Akaongeza. Siku chache baadaye kanisa lilikuwa limegawanyika, wa Sara huku na wa kabuti kule, na watu waliokopeshana chumvi walikuwa hawasalimiani. Mama hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa anafunga mfuko wake.

Wazee wa kanisa wakaona afadhali waite mchungaji mkuu, Mchungaji Mwangi, aliyekaa Kericho mjini. Alikuwa mtu wa makamo, wazazi wake walihamia Kedowa kutoka Nyeri zamani, na alizungumza taratibu hadi ungedhani anahesabu maneno yasiishe. Hakutuita ofisini. Alisema jambo lililo la nyumba litasomwa ndani ya nyumba. Ndipo tukafika kwenye Jumamosi ile ya mvua.

Alipomaliza chai yake, alimwomba Philemon asome ule mstari. Philemon akasoma kwa sauti ya mimbari, kisha akafunga. Mchungaji akamwambia aendelee. Philemon akauliza aendelee wapi. Hapo hapo chini, akasema, kwenye ukurasa huo huo. Basi Philemon akasoma. Sheria ya ndege na kiota chake, kwamba ukikuta mama amelalia makinda usimchukue mama pamoja na watoto. Sheria ya kuzungushia dari ukingo ili mtu asianguke. Kisha sheria ya kutopanda shambani mbegu za namna mbili pamoja.

"Mwinjilisti," Mchungaji akasema, "msimu huu pale chini ya shamba lako la chai umepanda nini?"

"Mahindi."

"Na katikati ya mahindi?"

Philemon akaangalia kikombe chake. "Maharagwe," akasema.

Kogo akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikajikaza. Mchungaji hakucheka hata kidogo. Alisema hakuuliza ili amwaibishe mtu, kwani mama yake mwenyewe kule Kedowa alipanda vivyo hivyo, na yeye amekula githeri ya mahindi na maharagwe ya shamba hilo tangu utotoni. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua ni nani aliyemfundisha kushika sheria ya juu na kuruka ya chini yake. Philemon akajibu kwa ukweli, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema ya juu alisikia ikihubiriwa kwenye mkutano mmoja wa injili, na ya chini hakuwahi kuisikia mtu akiihubiri.

Hapo Mchungaji akatufundisha kidogo. Alisema sheria zile zilipewa watu fulani, waliokuwa wanaingia nchi iliyojaa ibada za miungu mingine, na kwamba wasomi hawajakubaliana mavazi yale yalihusu nini hasa. Wengine wanasema yalihusu ibada za sanamu, wengine wanasema udanganyifu. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika, na hakuona haya kusema hana hakika. Lakini aliweza kuona kwamba mstari ule haukumzungumzia mjane anayesikia baridi. Tena akasema, mtu akigeuza kurasa chache tu mbele katika kitabu kile kile, atakuta sheria inayohangaikia jina la mtu aliyekufa bila mwana, lisifutike. Akamuuliza Philemon, kwa upole kabisa, kama kabla ya kuhubiri aliwahi kufika hapa nyumbani kuuliza Kogo na Chelangat wanaishi vipi. Hakuwa amefika hata mara moja.

Mwanangu, moyo wangu ulikuwa unacheza. Tumeshinda, nikajiambia. Na kwa kuwa kijana akiona ushindi hawezi kukaa, nikasimama na Sara wangu ili nipige msumari wa mwisho.

Mchungaji akaniambia nisome, tena nisome kwa Kipsigis ili Kogo asipitwe na kitu. Nikasoma mahali ambapo Sara anamtoa Hajiri, nikafunga kitabu, nikakaa.

"Mbona umefunga?"

"Nimefika, Mchungaji."

"Bado hujafika. Soma."

Nikafungua tena. Huko mbele sikuwahi kwenda kwa makini. Nilikuwa nimechukua nilichotaka na kuondoka. Nikasoma jinsi Hajiri alivyopata mimba na Sara akamtesa mpaka akatoroka. Nikasoma jinsi malaika alivyomkuta penye chemchemi jangwani, akamwita kwa jina lake, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Mchungaji akanionyesha sura nyingine kule mbele, nikasoma tena. Sara amepata mwana wake mwenyewe, na Hajiri anafukuzwa asubuhi na mkate na kiriba cha maji na mtoto wake. Maji yanaisha. Anamlaza mtoto chini ya kichaka na kwenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Sauti yangu ilikuwa inapungua kila mstari. Mungu akamsikia yule mtoto, nikasoma, akamfungua Hajiri macho akaona kisima. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amefunika uso kwa leso.

Mchungaji akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo hadi leo. "Kijana, mwinjilisti alikuja kwa hiki kitabu kutafuta fimbo, na wewe ukaja kutafuta ngao. Wote wawili mlipata, mkaondoka mbio. Ungetaka mama yako awe Hajiri?"

Nilikuwa nimemtetea mama kwa hadithi ya mwanamke aliyefukuzwa, kwa sababu niliishia katikati. Sisi wa huku tumezoea chai, tunachuna ncha na kuacha tawi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini hilo ni la shambani. Maandiko ukiyachuna ncha unabaki na unachokipenda tu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Kogo, aliyekuwa amekaa na mikono yake ndani ya mikono ya kabuti, akaniambia nirudie pale penye chemchemi. Nikarudia.

"Huyo Sara alimuuliza?" akasema.

"Alimuuliza nini, Kogo?"

"Kama anataka."

Nikaangalia ukurasa, ingawa nilijua. Nikamwambia hakumuuliza. Akauliza kama mume wa Sara alimuuliza. Nikasema hapana. Akauliza basi ni nani aliyemuuliza yule msichana neno lolote, tangu mwanzo. Nikamwambia ni malaika tu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kogo akageuka. Safari hii aligeukia mahali ambapo mama alikuwa, nafikiri kwa kufuata sauti ya kulia. Akasema kwa lugha yetu, nami nakuwekea kwa Kiswahili: "Chelangat, nilipeleka ng'ombe kwa baba yako. Niliongea na baba yako, nikaongea na kaka zako, wewe sikukuuliza. Sasa nimekuuliza. Unatoka wapi, na unataka kwenda wapi?"

Mama alijipangusa uso, akakunja leso yake vizuri juu ya magoti kama mtu aliye na siku nzima. Philemon alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nilikuwa naogopa, nakwambia ukweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kwamba angeweza kusema anaondoka na angekuwa na haki yake.

"Nilitoka kwa baba nikilia," mama akasema, "na hakuna aliyenitazama. Hapa nimekaa kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshaenda. Mwezi huu nilikuwa naondoka kwa sababu nimeambiwa mstari umesema. Nimechoka kusukumwa. Nitakaa hapa. Na leo ni mimi nimesema."

Akainama, akavuta ule mfuko chini ya kiti, akaupeleka chumbani kwake. Tulimsikia akifungua sanduku la nguo. Aliporudi alimuuliza Mchungaji kama angeongezewa chai.

Kogo naye hakuishia kwenye kuuliza. Kabla ya mavuno ya mahindi aliita majirani, akawaonyesha safu za juu za chai na kusema hizo ni za Chelangat mwenyewe, si kwa ajili ya mwanawe wala kwa ajili ya jina la mtu. Alifariki miaka kadhaa baadaye, mkono wake mikononi mwa mama. Mama yuko hai hadi leo, na ukipita asubuhi na mapema utamwona kwenye safu zile, ingawa tumemwambia apumzike mpaka tumechoka sisi.

Na Philemon? Jumapili iliyofuata alisimama na kuwaambia watu kwamba aliwasomea nusu ya ukurasa, na leo atawasomea wote. Akasoma wote. Akazoea hivyo, mwanangu, mpaka watu wakaanza kulalamika kwamba ibada inaisha chakula cha mchana kikiwa kimepoa. Mama alikuwa anaongoza nyimbo. Watu waliokuwa hawasalimiani walianza kwa kukohoa, kisha wakasalimiana.

Sikwambii haya ili uisifu mila yetu. Ilikuwa na wema wake na ilikuwa na jeraha lake, na jeraha lenyewe hatukuliona mpaka tuliposoma habari za Hajiri hadi mwisho. Wala sikwambii haya ili uyaogope Maandiko, useme ni magumu, basi waachiwe wachungaji. Nakwambia kwa sababu naona simu yako. Kila asubuhi mtu anakutumia mstari mmoja, umepambwa kwa maua na macheo, na huo mmoja unatosha kukuambia umwache mzazi, utupe dawa, uache shule, umchukie jirani. Wanaokutumia si wabaya wote. Wengine wana bidii tu, kama Philemon, na wengine ni kama mimi, wanapenda sana kushinda.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa mstari mkali, usiukatae na usikimbie nao. Ufungue ulikotoka. Soma wa juu yake na wa chini yake, na kama una nafasi soma kitabu chote. Jiulize hao walioandikiwa walikuwa nani na shida yao ilikuwa nini, maana ile barua au ile sheria ilifika kwao kabla ya kufika kwako. Kama hujui, sema hujui. Nilimsikia mchungaji akisema hivyo na hakupungua hata kidogo. Tafuta aliyesoma zaidi yako, na umsikilize pia asiyesoma, kwa sababu huenda akauliza swali ambalo nyote mlilipita. Kisha kabla hujamwekea mtu mstari huo mabegani, nenda nyumbani kwake. Kaa. Kunywa chai. Muulize anaishi vipi. Kama mstari wako unavunja nyumba ya mtu ambaye hujawahi kumuuliza neno lolote, ngoja kwanza, mwanangu, ngoja. Na ujihadhari hasa na ule mstari unaokufurahisha, kwa sababu hapo ndipo utakapofunga kitabu mapema.

Mungu akubariki. Akupe subira ya kufika mwisho wa ukurasa, na akupe mtu wa kukuambia soma tena unapodhani umefika. Nyumba yako isipasuliwe na neno lililosomwa nusu. Usiwe wa kusukumwa, na usiwe wa kusukuma. Na siku Maandiko yatakapoacha kumhukumu jirani yako na kuanza kukuuliza wewe, Mungu akupe moyo wa kutofunga kitabu.